Begi la Chanjo

Zipu ya begi la zamani ilifia Kibosho, mazikoni,
Jumatano ya Aprili, udongo ukiteleza kama sabuni.
Nikavuta, ikagoma; nikavuta tena,
ikacheka, meno yote nje,
na mvua ikaingia bila hodi.
Wiki ya tatu nikaona ndani ya lenzi
utando mweupe, mwembamba, wenye mizizi:
ukungu umejenga humo, na haulipi kodi.

Duka la Double Road lina kiyoyozi na kioo.
Begi jeusi, vyumba saba,
nembo inang'aa kama jino la dhahabu.
Bei yake ni pango langu la miezi miwili.
Ndelilio, kijana wa dukani, akanivika begani:
"Dada, hili stendi nzima italijua."
Ndiyo. Hicho ndicho nilichokuwa nakiogopa.
Mimi hupita Majengo usiku, nikitoka kwenye sherehe za watu.
Sitaki bega langu liwe tangazo.

Kiborloni, basi. Mitumba haina aibu.
Nilipiga goti mbele ya rundo
nikayapima mabegi kama mtu anunuaye mbuzi:
fungua mdomo, hesabu meno,
binya tumbo, vuta mkia.
Hili, mshono ni mmoja tu, uzi wa pamba;
Krismasi halifiki.
Hili zuri, ila kitako chembamba,
likikaa chini lenzi itasikia kila kokoto.
Hili mkanda imara, pete ya plastiki,
na pete ndiyo hufa kwanza,
hufa siku una bwana harusi mbele yako.

Naghenjwa, mwenye rundo, alikuwa anatafuna hindi la kuchoma.
"Unatafuta begi au mchumba?"
"Begi. Mchumba nilishakosea."
Akacheka mpaka punje zikamtoka,
akaingiza mkono chini ya turubai
akatoa kitu cha buluu kilichopauka mabegani,
sponji nene kila upande,
mkanda wa vidole vinne, pete za chuma,
na ubavuni herufi zilizosalia: CHANJ.
O imekwenda na jua.

"La zahanati hili. Limepanda vilima vyote hivi
na barafu tumboni, chupa zikarudi nzima.
Hiyo kamera yako ni nani?"

Nikalimwagia maji. Yakateleza, yakaondoka
kama mgeni aliyekosa mwenyeji.
Nikaazima yai meza ya jirani,
nikalilaza ndani, nikafunga,
nikaliachia begi kutoka kiunoni.
Watu watatu wakasimama kutazama.
Yai likatoka zima.
"Elfu kumi na tano," akasema Naghenjwa,
"na yai umeshalinunua."

Jumatatu, Rau.
Nilikuwa napita tu, natafuta mwanga wa asubuhi
unaochuja kwenye migomba.
Mtoto mmoja akaliona begi, akapiga yowe,
na kijia kizima kikawa nyayo tupu na vumbi.
Akabaki mama mmoja, kichanga mgongoni,
kadi ya kliniki tayari mkononi:
"Nesi, huyu katimiza miezi tisa jana."

Nikamwambia sina sindano.
Hakuamini hadi nilipofungua zipu
akaona jicho moja, kubwa, jeusi,
limelala kwenye sponji ya barafu.
"Basi mpige hiyo," akasema. "Hana hata moja."

Akamgeuza kichanga mbele, akamfuta kamasi kwa kanga.
Kichanga kikakunja uso, kikilisubiri lililowaliza wenzake.
Nikabonyeza.
Hakikulia.

Bado ninayo, hiyo ya kwanza ya begi jipya.
Mama ametoka vizuri, kadi ya kliniki pia.
Na nyuma kabisa, kandokando ya mgomba,
kaka mtu amejibanza,
ameukamata mkono wake wa kushoto kwa nguvu zote,
hajaamini.